Je, Ilikuwa Haki Kumwondoa Amin kwa Silaha?

Mkulima wa Moi's Bridge apelekaye mahindi yake kwenye maghala ya nafaka huenda hakumbuki kwamba shamba lake lilipata kudaiwa na mtawala wa nchi nyingine. Ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa Februari, 1976, Idi Amin wa Uganda alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa ya Uganda hapo zamani. Wala hakuzua yote: mpaka mwaka wa 1902 Uasin Gishu ilihesabiwa katika Uganda, ndipo Waingereza wakaihamisha kwa kalamu tu. Mzee Kenyatta alijibu kwamba Kenya haitatoa hata inchi moja, na Amin akanywea.

Tanzania haikupata bahati hiyo. Oktoba, 1978, majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakaua raia, yakaswaga ng'ombe na kuvunja daraja la Kyaka. Haki ya Watanzania kuwafukuza haina mbishi. Ubishi huanzia Mutukula, mpakani, kwa kuwa wavamizi walikuwa wamekwisha kutolewa Kagera askari wa Tanzania walipovuka kuingia Uganda, Januari, 1979. Tarehe 11 Aprili Kampala ilianguka.

Wenye kulaumu walikuwa na hoja, nayo haikuwa nyepesi. Katiba ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ya mwaka 1963 ilikataza nchi moja kuingilia mambo ya nyingine. Katika mkutano wa Monrovia, Julai, 1979, Numeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania waziwazi. Ikiwa kila jirani ataruhusiwa kumwondoa jirani mbaya, nani atapima huo ubaya? Watu wanaoishi juu ya mipaka iliyochorwa na wageni, kama hawa wa kando ya mto Nzoia, wana sababu ya kuliogopa swali hilo.

Lakini Umoja huo huo ulimfanya Amin mwenyekiti wake mwaka 1975. Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa Februari, 1977, haukumhukumu. Kagera ilipovamiwa, Mwalimu Nyerere alitaka mambo matatu: uvamizi ulaaniwe, Amin ayaache madai yake ya ardhi, na hasara ilipwe. Hakupata hata moja; aliombwa kusimamisha vita. Mtu aliyevunjiwa nyumba huambiwaje apatane na mwizi ambaye bado ameshika panga? Kama jeshi lingesimama Mutukula, Amin angebaki na bunduki zake na madai yake yote. Kwa sababu hiyo kwenda Kampala kulikuwa haki, ingawa sheria iliyoandikwa haikukuruhusu.

Yaliyofuata ni habari nyingine, nayo ni chungu. Lule alitawala siku 68 tu. Binaisa naye akaondolewa. Obote alirudi kwa uchaguzi wa Desemba, 1980, uliobishaniwa sana, kisha damu ikamwagika Luwero. Watanzania nao, waliokuwa wameambiwa wafunge mikanda miezi 18, waliendelea kuifunga kwa miaka.

Sheria yenyewe ilibadilika baadaye. Mkataba wa Umoja wa Afrika wa mwaka 2000 unauruhusu Umoja kuingilia kati panapotokea mauaji ya halaiki au uhalifu wa kivita, lakini kwa uamuzi wa mkutano wa wakuu wa nchi, si wa jirani mmoja. Amin hakuhukumiwa na mahakama yoyote. Alifia Jeddah tarehe 16 Agosti, 2003.