Je, Wajua? Kwa nini theluji haianguki juu ya Bigwa

Mawingu mazito yakiikumba Lupanga, kilele cha Milima ya Uluguru, na upepo ukianza kuitikisa migomba ya Bigwa, Morogoro, kinachokuja ni mvua tu. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Bigwa ikiwa na nyuzi 25, kileleni Lupanga, mita 2,138, huwa kama 15. Hata Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote vya Uluguru, hakifikii mita 2,700. Kibo, Kilimanjaro, ina mita 5,895, ndiyo maana huko hali hiyohiyo ya hewa huleta theluji.

Lakini mvua ya Uluguru si ya kudharauliwa! Upepo wenye unyevu wa Bahari ya Hindi hugonga milima, hupanda, hupoa na kumwaga maji. Miteremko ya mashariki hupata zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka. Mjini Morogoro hazifiki 1,000. Maji hayo huulisha Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo au tahadhari, itazame milima kwanza. Mvua ikinyesha huko juu, mto waweza kufurika Bigwa hata pasipodondoka tone hapo. Tafadhali, usiwaache watoto wavuke.