Pumzi ya ndondo haitoshi kilomita 42

MUSOMA: Kumaliza dakika 90 za ndondo ni jambo moja, kumaliza kilomita 42.195 ni jambo jingine kabisa. Kiungo anayehaha uwanja mzima hukimbia kilomita 10 hadi 12 kwa mechi, tena kwa kuvutavuta pumzi.

Vijana wa Mara wanaoitaka Kilimanjaro Marathon ya Moshi hawana haja ya kwenda mbali. Vilima vya Butiama vinajenga mapaja. Bunda kuna lami ndefu ya Mwanza–Sirari, ila mtu awahi alfajiri kabla malori hayajachanganya.

Ratiba nayo iheshimiwe: mbio ndefu moja kwa wiki, nyingine fupi za polepole, na siku ya kupumzika. Viatu vipya visubiri.

Wengi huponzwa na kutoka kasi kama winga aliyepigiwa mpira mrefu. Ikifika kilomita ya 30, miguu inagoma.

Muulize Alphonce Simbu. Tokyo, Septemba 2025, alitulia kundini, akamchomoka Mjerumani Amanal Petros mwishoni kabisa na kushinda kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye riadha ya dunia ikapatikana kwa subira.