Nguvu za Kiume: Ni Damu na Utulivu, Siyo Kurogwa

Wanaume wengi huona aibu kulisema jambo hili, hata kwa daktari. Uume usiposimama, mmoja husema amerogwa. Mwingine humlaumu mkewe. Basi ugomvi huingia nyumbani. Leo tuangalie mwili unavyofanya kazi.

Uume hauna mfupa. Ndani yake mna nyama laini yenye vitundu vidogo vidogo, kama sponji. Mwanamume akiguswa au akimwaza mkewe, ubongo hupeleka habari kwa mishipa ya fahamu. Mishipa inayoleta damu hupanuka, na damu hujaa katika vitundu vile. Nyama ikijaa huibana mishipa inayotoa damu. Hapo uume husimama. Ni kama mpira wa baiskeli: upepo ukiingia usitoke, mpira hukaza.

Mtu mwenye hofu, uchovu au mawazo ya madeni, damu yake haiingii vizuri. Pombe nyingi hulegeza. Sigara hubana mishipa. Kisukari na presha huweza kuiharibu. Tena mishipa ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo. Kwa hiyo ugonjwa wa mishipa huweza kuonekana huko kwanza, kabla ya moyo kuuma.

Ipo ishara ya kutazama. Uume ukisimama vizuri alfajiri, lakini ukalegea wakati wa tendo, mara nyingi sababu ni wasiwasi.

Je, raha itaongezekaje? Msiharakishe. Sehemu yenye hisia zaidi ni kichwa cha uume, hasa upande wa chini. Umri ukienda, mume huhitaji muda mrefu zaidi na kushikwashikwa zaidi. Huo siyo ugonjwa. Mke naye huhitaji muda. Basi ulizaneni: hapa vipi, pole pole au zaidi? Mkisemezana, wasiwasi hupungua na damu hupita.

Kushindwa siku moja siyo ugonjwa. Lakini hali ikiendelea kwa miezi mitatu, nenda kituo cha afya ukapimwe sukari na presha. Usimeze ovyo vidonge vya kuongeza nguvu. Vikikutana na baadhi ya dawa za moyo, presha huweza kushuka ghafla, hata mtu akafa.

Mganga wa kienyeji hana kipimo cha sukari. Tusimtafute mchawi kabla ya kupima damu.