Kabla ya Kuhama Tulihesabu Kila Kitu, Tukamsahau Mbwa

Sisi ni mume na mke wa kartie ya Kataki, hapa hapa Kalemie. Kalamu imeshikwa na mke, lakini maneno tumeyapanga wawili, usiku, baada ya kula. Yule ambaye habari hii inamhusu amelala mlangoni, kichwa chake juu ya kiatu cha bwana. Mungu akipenda, kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa tumehamia Lubumbashi. Kabla ya kwenda tunataka kuwaachia habari ya huyu mtoto wa mbwa, kwa sababu ametufundisha jambo ambalo familia nyingi hulisahau siku za kufunga mizigo.

Jina lake

Mwaka 2024, maji ya ziwa yalipopanda na kuingia katika nyumba za watu wa pwani, familia nyingi zilipanda juu na magodoro yao kichwani. Familia moja ilikuja kukaa karibu nasi, na nyuma yao alikuja mbwa jike, amelowa mpaka masikioni. Huyo ndiye mama wa mbwa wetu. Alipozaa tena, miezi sita iliyopita, walituletea mmoja. Alikuwa na miezi miwili, tumbo duara kama chungu, na miguu ambayo haikujua bado iende wapi.

Tumeoana miaka minne, na mtoto hatujapata. Katika lupango yenye milango mitano, jambo hilo halina siri. Walipotuona tunamlisha mbwa uji katika sahani yake mwenyewe, maneno yakaanza. "Wamekosa mtoto, sasa wanalea mbwa." Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mama mmoja mjane, mchuuzi wa ndagala, jirani wa mlango kwa mlango. Sisi humwita Mama Mzee kwa heshima, na siku ile tulimwita hivyo kwa shida.

Jioni bwana alicheka, akasema: "Basi jina tumelipata." Tukamwita Watasema.

Hamjui raha ya kusimama uani saa mbili za usiku na kuita, "Watasema! Watasema!" huku majirani wamekaa kimya kwenye viti vyao.

Siku yetu moja

Watasema hutuamsha saa kumi na moja alfajiri. Hatuhitaji saa. Bwana huwasha makala na kuchemsha maji, kisha huenda kwenye karakana anakochomelea vyuma. Mke hubeba beseni na kuteremka ufukweni kungoja mitumbwi iliyovua usiku kwa taa. Usiku wa mbalamwezi ndagala ni chache, na bei hupanda. Usiku wa giza huwa nyingi, na ndipo tunapopata kitu cha kuanika.

Mwanzoni tulimfunga Watasema nyumbani. Alilia mpaka majirani wakalia pamoja naye. Ikabidi tumpeleke ufukweni, na huko akajipatia kazi. Tunapotandaza ndagala juani, kuku na ndege hawatupi nafasi ya kupumua. Yeye hulala pembeni, anajifanya amesinzia, kisha ndege akitua anaruka kama chemchemi. Hajakamata hata mmoja, lakini ndege wamejifunza. Wiki ya tatu, Mama Mzee alisogeza ndagala zake karibu na zetu bila kusema neno. Tuliona, nasi tukanyamaza.

Jioni tunapika bugali na sombe, au mikebuka kama siku ilikuwa nzuri. Watasema hula baada yetu: bugali iliyochanganywa na mchuzi usio na pilipili, na vichwa vya samaki vilivyopikwa vizuri. Bugali tupu haimtoshi mtoto wa mbwa, kama isivyomtosha mtoto wa mtu. Tulimpa dawa ya minyoo, maana minyoo ya mbwa inaweza kuingia kwa watoto wanaocheza chini na kutia mikono mdomoni. Kinyesi chake tunakifukia. Watoto wa lupango tumewafundisha kunawa wakimaliza kucheza naye. Tulidhani tumefanya yote.

Simu kutoka Lubumbashi

Wiki sita zilizopita simu ilipigwa. Kaka yake bwana amempatia kazi katika karakana ya Lubumbashi, mshahara wa kila mwezi. Nyumba imeonekana pia, vyumba viwili, na mwenye nyumba anataka garanti ya miezi mitatu. Tulifurahi usiku kucha. Asubuhi tukaanza kuhesabu. Kitanda, kiuzwe. Godoro, liende. Cherehani, iende. Vikwembe, viende vyote, na hapo bwana hakuulizwa. Zamu yetu ya likelemba, tuwaombe wenzetu watupe kabla. Deni la duka, lilipwe. Treni ya kwenda Lubumbashi hupita Nyunzu, Kabalo na Kamina, safari ambayo watu huihesabu kwa siku, si kwa saa. Basi tukahesabu na unga wa njiani.

Orodha ilijaza karatasi mbili. Ilipokwisha, bwana akauliza: "Na huyu?"

Tulipiga simu. Mwenye nyumba wa Lubumbashi akajibu kwamba katika lupango yake mbwa haingii. Tulitafuta nyumba nyingine. Garanti yake ilitushinda.

Ushauri haukukosekana. Mmoja alisema tumuuze, mwingine tumpeleke mbali kwa pikipiki ili asiijue njia ya kurudi. Wengi walisema neno moja, na walilisema kwa wema: "Mwacheni tu hapo hapo. Mbwa hujitafutia." Tuseme kweli, akina mama. Neno hilo lilitupendeza, kwa sababu halikutudai kitu.

Mtoto wa jirani

Siku chache baadaye, mtoto wa kike wa miaka saba, wa nyumba ya nne kutoka kwetu, aliumwa mguuni na mbwa akienda kuchota maji. Mbwa huyo tunamjua sote. Mwaka jana alikuwa na wenyewe. Wenyewe walihama, wakafunga mlango, naye akabaki nje ya mlango huo siku nyingi, kisha akaanza kuzunguka sokoni. Hakuna aliyejua kama amewahi kuchanjwa. Hakukuwa na wa kumuuliza.

Watu walijaa. Mmoja alileta mafuta ya mawese, mwingine majani ya kuponda, mwingine alitaka manyoya ya mbwa yachomwe na kuwekwa juu ya kidonda. Aliyeokoa siku ile alikuwa Mama Mzee. Alimkalisha mtoto kwenye beseni lililopinduliwa, akaomba maji na sabuni, akamwagia na kuosha, kumwagia na kuosha, mtoto akipiga kelele, wala hakuacha mpaka robo saa ilipopita. "Nilimpoteza mdogo wangu kwa kichaa cha mbwa," alituambia baadaye. "Kidonda chake kilikuwa kidogo kama cha kuku kudonoa. Kilipona. Baada ya miezi miwili akaanza kuogopa maji." Hakuendelea.

Kituo cha kwanza hakikuwa na chanjo. Mama wa mtoto alibebwa kwa pikipiki mpaka kituo cha pili, wakaipata, na akaambiwa tarehe za kurudi. Alirudi tarehe zote. Mtoto ni mzima na anacheza.

Sisi tulirudi nyumbani bila kusemezana. Mbwa aliyemuuma yule mtoto, wenyewe waliambiwa pia kwamba mbwa hujitafutia.

Tuliyoelezwa

Tulikwenda kwa mganga wa wanyama kuuliza, na tunawaandikia kama tulivyoelezwa.

Kichaa cha mbwa huingia kwa mate, mbwa anapouma, au anapolamba kidonda. Kinaweza kukaa mwilini wiki kadhaa au miezi bila dalili, na kwa kawaida ni kati ya mwezi mmoja na mitatu. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla hazijaanza kinaweza kuzuiwa kabisa: kuosha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha kukimbilia chanjo siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu 59,000 hivi kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kati ya kila kumi wanaokufa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote waliupata kwa mbwa.

Mbwa mwenye wenyewe akiuma, anaweza kufungwa na kuangaliwa siku 10, huku aliyeumwa ameshaanza matibabu. Kama baada ya siku hizo mbwa ni mzima, hofu inapungua. Mbwa asiye na mwenyewe hukimbia, na hakuna wa kumwangalia.

Mganga alituambia na habari ya mama mmoja wa zamani. Julai 1885 mama huyo alimchukua mwanawe wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa vibaya na mbwa, akampeleka mpaka Paris kwa mtaalamu Louis Pasteur. Chanjo ilikuwa haijawahi kutumiwa hivyo kwa mtu. Mtoto alidungwa siku kwa siku, akaishi. Pasteur alikufa tarehe 28 Septemba 1895, na tarehe hiyo ndiyo leo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Jina la Pasteur tunalijua. Sisi tulimfikiria zaidi yule mama njiani.

Kisha mganga akatuuliza: "Na mbwa wenu amechanjwa?" Tukatazama chini. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, halafu hurudiwa baada ya mwaka. Wetu alikuwa amepita miezi sita. Tulikuwa tumemlisha, tumempa na dawa ya minyoo, na hili kubwa hatukulifanya. Alichanjwa siku ile ile. Alilia kidogo, akasahau njiani alipoona mbuzi. Tulipewa kadi yenye tarehe.

Mlango wa pili

Iliyobaki ilikuwa kumtafutia mwenyewe. Tulihesabu nyumba za lupango, moja moja. Mwisho ukabaki mlango ambao tuliogopa kuubisha.

Mama Mzee alitusikiliza huku akichagua ndagala, hakuinua kichwa. Tulipomaliza akasema: "Wanangu, nilisema maneno juu yenu. Mliyasikia?"

"Tuliyasikia, Mama."

"Hata mbwa mkampa jina."

"Ndiyo, Mama."

Akacheka mpaka ndagala zikamwagika. Kisha akaweka masharti yake. Kadi ya chanjo ikae kwake. Pesa ya chanjo ya mwaka kesho tuiache sasa, isiwe ahadi ya simu. Na mbwa ahame kabla yetu, ajue sufuria mpya ikiwa sisi bado tupo, asije akalia mbele ya mlango uliofungwa.

Sharti la mwisho ndilo lililotuumiza, na ndilo lililokuwa na akili. Wiki tatu sasa Watasema anakula kwake asubuhi na kwetu jioni. Wiki hii anakula kwake mara zote mbili. Usiku bado hurudi kwetu na kutafuta kiatu. Leo ni mara ya mwisho. Kuanzia kesho kiatu hicho nacho kinahamia kwa Mama Mzee.

Kwa mwenzetu anayejiandaa kuhama

Tunakuomba, andika mnyama wako juu kabisa ya orodha, kabla ya kitanda na vikwembe. Mtafutie mwenyewe mapema, wiki kadhaa kabla, si asubuhi ya safari. Mchanje, na kadi umkabidhi atakayebaki naye. Acha apate mazoea ya nyumba mpya ukiwa bado upo. Kama hukumpata mtu, peleka neno katika kikundi chako. Katika wamama thelathini hakosi mmoja mwenye ndagala za kulindwa. Usimwache barabarani. Atakayelipa ni mtoto anayekwenda kuchota maji.

Jana jioni tulisimama uani na kuita jina lake, kwa mazoea tu. Alitoka mlango wa Mama Mzee, akatutazama, akatikisa mkia, akarudi ndani. Tulimwambia Mama Mzee kwamba akitaka anaweza kumbadilishia jina, maana lile la kwetu lilitoka katika hasira.

"Liache," alijibu kutoka ndani. "Mwanamke wa umri wangu kupewa mbwa alale na kiatu! Sasa watasema juu yangu."