Uhifadhi wa Barua Pepe za Zamani katika Kompyuta: Maelezo kwa Wafanyabiashara na Wakaazi wa Darajani

Inafahamika kuwa sehemu kubwa ya bidhaa zinazouzwa Darajani, zikiwemo vitambaa, vyombo vya umeme na vipuri, huagizwa kutoka nje ya nchi, na kwamba kwa miaka mingi maagizo hayo yamekuwa yakifanywa kwa barua pepe. Wafanyabiashara wengi, pamoja na wenye nyumba za wageni za Mji Mkongwe, walifungua anwani zao za mwanzo katika maduka ya intaneti ya Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wenyeji bado huiita Creek Road. Hotmail ilianza mwaka 1996, Yahoo Mail mwaka 1997 na Gmail mwaka 2004. Ankara za Dubai, hati za shehena, makubaliano ya kodi ya duka na hata barua za jamaa walioko Muscat na London zimo katika anwani hizo mpaka leo, au angalau mwenyewe anaamini kuwa zimo.

Imani hiyo si ya kutegemewa. Barua ya aina hii haimo ndani ya simu wala kompyuta ya mhusika, bali imo katika seva ya kampuni iliyoko ng'ambo, na kampuni hiyo ina masharti yake. Tangu Disemba 2023 Google imejipa uwezo wa kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka 2. Yahoo nayo inaweza kufuta yaliyomo katika sanduku la barua lisilofunguliwa kwa miezi 12. Mfanyabiashara aliyehamia katika mawasiliano ya simu ya mkononi, akaiacha anwani yake ya zamani bila ya kuifungua, anaweza kurudi siku anayohitaji ushahidi wa malipo akakuta sanduku ni tupu.

Lipo pia suala la namba ya simu. Mtu aliyesahau neno la siri hutumiwa tarakimu za uthibitisho katika namba aliyoiandikisha zamani. Laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020, na wengine walibadilisha namba kwa hiari zao. Kwa hiyo hatua ya mwanzo, kabla ya nyengine zote, ni mhusika kuifungua anwani yake sasa, wakati bado anaweza, na kuiandikisha namba anayoitumia leo.

Hata kwa anayeweza kufungua, mtandao wenyewe hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilizolazwa chini ya bahari zilipata hitilafu, na huduma ya intaneti ikazorota nchini. Aliyekuwa na ankara zake zote katika seva ya nje hakuwa na njia rahisi ya kuzisoma. Katika nyumba ya nyaraka iliyoko Kilimani, barua za karne ya 19 za Masultani na za ubalozi mdogo wa Uingereza bado zinasomeka, kwa sababu karatasi zenyewe zipo hapa hapa Unguja. Barua pepe nayo yaweza kuletwa hapa, na gharama yake si kubwa.

Kinachohitajika ni programu ya barua pepe inayowekwa ndani ya kompyuta. Mojawapo ni Thunderbird, ambayo hupatikana bila ya malipo na imekuwapo tangu mwaka 2004. Kompyuta za zamani zenye Outlook Express hazifai kwa kazi hii, kwani programu hiyo imeachwa na haikubaliani na taratibu za sasa za usalama. Mhusika anapoandika anwani yake katika Thunderbird, kwa anwani za Google, Yahoo na Microsoft hufunguka dirisha la kampuni yenyewe, naye huingiza humo neno lake la siri.

Hapa ndipo wengi hupotea, na ni vyema jambo hili likaeleweka sawasawa. Ziko njia mbili za kuunganisha programu na seva, nazo ni POP na IMAP. POP huteremsha barua na kuziweka katika kompyuta, lakini kwa kawaida huchukua zile zilizopokelewa tu, na kuziacha zilizotumwa. Kwa mfanyabiashara hiyo ni hasara, kwani oda aliyoiandika yeye mwenyewe ndiyo nusu ya ushahidi. Isitoshe, baadhi ya programu huifuta barua katika seva mara tu inapoteremshwa.

IMAP huonyesha majalada yote, yaliyopokelewa na yaliyotumwa, na kwa sababu hiyo ndiyo inayofaa. Lakini inachokionyesha ni mfano wa bidhaa iliyo nyuma ya kioo cha duka: inaonekana, wala haijawa mali ya anayeitazama. Barua ikifutwa katika seva, hutoweka na katika kompyuta pia. Yuko anayeona barua zake zote zimejipanga vizuri katika programu, akadhani zimeshahifadhiwa, kisha akazifuta kwenye seva ili apate nafasi. Huyo amezifuta kabisa.

Barua huwa imehifadhiwa pale inapowekwa katika majalada ya kompyuta yenyewe, ambayo katika Thunderbird hukaa chini ya maandishi "Local Folders". Mhusika afungue humo jalada kwa kila mwaka, kisha achague barua za mwaka huo na kuzinakili. Azinakili, asizihamishe, kwani uhamishaji ukikatika katikati kwa sababu ya umeme au mtandao huleta mashaka juu ya kilichofika na kilichobaki. Sanduku la miaka 20 lisibebwe kwa mkupuo mmoja. Wenye Gmail waelewe kwamba barua moja huonekana katika majalada zaidi ya moja, hivyo wakinakili kila jalada watapata nakala mbili mbili. Hilo halina madhara isipokuwa kujaza nafasi.

Baada ya hapo idadi ya barua katika jalada la seva ilinganishwe na idadi katika jalada la kompyuta. Kisha intaneti izimwe kabisa, na barua chache za zamani zifunguliwe pamoja na viambatanisho vyake. Ankara ikifunguka huku intaneti imezimwa, kazi imekamilika. Isipofunguka, kilichonakiliwa ni kichwa cha barua tu.

Kompyuta moja nayo haitoshi. Wakaazi wa Unguja wanakumbuka kukatika kwa umeme kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Programu ifungwe, kisha jalada lake lote linakiliwe katika diski ya nje, na diski hiyo iwekwe nyumbani, si dukani. Thunderbird huhifadhi barua kwa mpangilio uitwao mbox, ambao husomwa na programu nyengine nyingi, hivyo diski hiyo haitamfunga mtu katika programu moja.

Wasioweza kuifanya kazi hii wenyewe wanaweza kumtumia fundi, na Darajani mafundi hawakosekani. Hata hivyo, mwenye anwani awepo wakati wote, na neno la siri aliingize kwa mkono wake. Kazi isifanywe katika kompyuta ya fundi. Ikilazimu, akaunti iondolewe katika kompyuta hiyo na majalada yafutwe mbele ya mwenyewe kabla ya kuondoka.

Kwa upande wa watumishi wa umma ambao siku za nyuma walitumia anwani zao binafsi kwa shughuli za kiserikali, barua hizo si mali yao pekee. Zitengwe katika jalada lake, na nakala ikabidhiwe masjala ya ofisi inayohusika.