Sindano ya Kisukari na Mahali pa Kuidunga

Mwezi huu tulikusudia kuandika juu ya adabu za msikiti, lakini limetufika jambo katika chuo chetu hapa Musoma, nasi tumeona kulinyamazia ni makosa.

Yuko kijana, mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye sasa hufanya kazi mwaloni Mwigobero. Tangu utotoni ana maradhi ya kisukari, naye huishi kwa sindano ya insulini. Siku moja alikunja mikono ya kanzu ili atawadhe, na wenziwe wakaona juu ya kiwiko madoa meusi ya damu iliyovilia. Wakanong'onezana kwamba anajidunga madawa ya kulevya. Maneno hayo yakamfika. Basi akaacha sindano ya asubuhi, kisha ya jioni, ili madoa yaondoke. Siku ya tatu mama yake akatuita: kijana anatapika, anahema kwa nguvu, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Tukamkimbiza hospitali, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu akapona. Alipopata nguvu alituambia, "Maalim, nilitaka ngozi isafike tu."

Maradhi haya si mageni tena kwetu. Katika miaka ya 1980 madaktari walipima watu katika vijiji vya Mara, Kilimanjaro na Morogoro, wakakuta wenye kisukari hawafiki mmoja katika kila mia. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulikuta karibu tisa katika kila mia ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64. Wengi wao hutibiwa kwa vidonge na kwa kuangalia chakula. Lakini mtoto au kijana ambaye kongosho lake halitoi insulini kabisa hana badala ya sindano. Kabla ya Banting na Best kuigundua dawa hii huko Toronto mwaka 1921, watoto kama hao walikufa wote.

Basi doa lile ni nini? Chini ya ngozi kuna mishipa midogo ya damu isiyoonekana kwa macho. Sindano ikiutoboa mmoja, damu kidogo hutoka na kuvilia, na baada ya siku kadhaa hutoweka yenyewe. Doa la namna hiyo halina madhara, wala haliharibu dawa. Tena laweza kupunguzwa. Sindano iliyotumika mara nyingi hupoteza ncha na kuchana ngozi, kwa hiyo itumike mpya kila mara. Isukumwe moja kwa moja bila kutikiswa, mtu ahesabu mpaka kumi kabla ya kuichomoa, kisha abonyeze mahali pale kwa upole wala asipasugue. Kusugua huongeza kuvilia, na tena huiharakisha dawa kuingia mwilini. Lakini mtu anayeona madoa mengi hata pasipodungwa, au anayetumia aspirini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, amwambie daktari. Vivyo hivyo mahali pakiwa pekundu, pa moto, au pakitoa usaha.

Lililotustaajabisha sisi ni jambo jingine. Muuguzi alipompapasa kijana wetu tumboni, alikuta vinundu viwili kando ya kitovu. Kumbe baada ya kuona mikono ina madoa, alikuwa akidunga hapo peke yake, kwa kuwa hapaumi. Ndiyo hila ya mahali pale! Hapaumi kwa sababu mafuta yamevimba na kuwa magumu, na dawa ikiingia humo hukwama, leo ikatoka kidogo, kesho ikatoka kwa wingi. Sukari hupanda na kushuka, na mgonjwa hulaumiwa kwamba amekula vitamu. Mwenye vinundu aviache vipumzike miezi kadhaa, lakini asihame kabla ya kumwona daktari, kwani mahali pazima hupokea dawa yote, na kipimo kile kile cha zamani chaweza kuishusha sukari mno.

Mahali pa kudunga ni penye mafuta: tumbo, lakini mbali na kitovu kwa upana wa vidole vitatu au zaidi, mapaja kwa mbele na upande wa nje, sehemu ya juu ya makalio upande wa nje, na nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, ingawa hapo ni vigumu kujidunga bila msaidizi. Tumbo huipokea dawa upesi kuliko paja. Kwa hiyo wengi hufundishwa kushika tumbo asubuhi na paja jioni, na kila siku kusogea upana wa kidole kutoka tundu la jana. Anayekwenda shamba la pamba Bunda kwa baiskeli asidunge paja asubuhi hiyo, kwa maana mguu unaofanya kazi huivuta dawa kwa haraka. Tena mwepuke pale unapokaza mshipi au fundo la kanga.

Mama mmoja wa Butiama alituuliza kama ni lazima kupaka spiriti. Nyumbani, maji safi na sabuni yatosha, ngozi ikauke kwanza. Naye asiye na friji aweza kuitia chupa katika kopo lenye kifuniko, ndani ya mtungi wenye mchanga uliolowa, kivulini. Kwa kweli dawa iliyotoka kwenye baridi kali huuma zaidi. Wako pia wanaoogopa kwamba insulini hutoka kwa nguruwe. Zamani ilitolewa katika makongosho ya ng'ombe na nguruwe, lakini tangu mwaka 1982 imekuwapo ile inayofanana na ya binadamu, itengenezwayo kwa vijidudu, na ndiyo inayotumika sana siku hizi.

Limebaki suala la saumu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jidda mwaka 1997 liliamua kwamba sindano ya tiba isiyo ya kulisha, ikidungwa katika ngozi, nyama au mshipa, haibatilishi funga. Basi asiiache mtu dawa yake kwa kisingizio cha Ramadhani. Lakini kama anaweza kufunga au hawezi, hilo ni la daktari kulipima, na ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Kipimo cha dawa na saa zake hubadilika kwa anayefunga, kwa hiyo na aende hospitali katika Shaabani, asingoje usiku wa mwandamo.