Nusu kwa Nusu Si Bei ya Kupasua Mbao

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mama mmoja mwenye shamba la miti ya paina huko Njombe: "Mwenye mashine anataka nusu ya mbao badala ya fedha. Si ni haki tu, kwani kila mmoja anapata sawa?" Swali hili nimeshalijibu kwenye mikutano ya vijiji, kwenye simu na kando ya barabara ya Mafinga, na kila mara huja na jibu lake mfukoni. Hakuna anayeuliza kazi ya kupasua ina thamani gani. Wanataka niwathibitishie kwamba nusu ni nusu.

Kulipa kwa mbao kwenyewe sina ugomvi nako. Mkulima wa miti hashiki fedha mpaka auze, na mwenye mashine mbao anazijua na wateja anao. Ninachokipinga, na nitaendelea kukipinga, ni imani kwamba mkigawana katikati hakuna anayepunjwa.

Angalieni kazi yenyewe. Mwenye mashine analeta msumeno, dizeli, vijana wa kuviringisha magogo, na siku zake. Gharama hizo hazipandi kwa sababu mti wako una bei kubwa sokoni. Gogo la mlingoti na gogo la mvule yenye unene mmoja hayaachani sana kwa muda wa kupasua. Mvule utamsumbua zaidi pale anapokutana na yale mawe ya chokaa yanayojijenga ndani ya mti na kuvunja meno ya msumeno, lakini tofauti hiyo ni ndogo ukilinganisha na tofauti ya bei za mbao za miti hiyo miwili. Sasa, ukitoa nusu ya mlingoti na nusu ya mvule, umelipia kazi zinazokaribiana kwa malipo yasiyokaribiana kabisa. Mti aliouacha babu yako, uliosimama miaka 60, nusu yake imepanda gari la mtu kwa kazi ya asubuhi moja.

Geuzeni upande wa pili. Miti ya paina ya miaka 12 ina magogo membamba. Kijana anainama, anageuza, anapanga, msumeno unapita, na gogo zima linatoa mbao mbili tatu. Mwisho wa siku nusu ya hizo huenda isirudishe hata dizeli. Hapo anayeumia ni mwenye mashine. Kipimo kinachomnyonya mkulima leo na mpasuaji kesho hakipimi chochote, na nashangaa watu wazima wanavyokishika kama amri.

Halafu nusu ya nini? Vijijini wanahesabu vipande. Tuseme mmepata mbao 40 za futi 12: mbao 20 za mbili kwa sita na 20 za moja kwa nane. Mwenzako anachukua zile 20 nene, wewe unabaki na 20 nyembamba, mnapeana mikono. Zidisha inchi kwa inchi kwa futi: mbili kwa sita inatoa 144, moja kwa nane inatoa 96. Jumla ya rundo ni 4,800, na yeye ameondoka na 2,880. Hiyo ni asilimia 60. Na bado hatujagusa ubora. Mbao iliyotoka kwenye moyo wa gogo changa la paina itajipinda na kujisokota ikikauka, na anayejua ni ipi ni yule aliyesimama kwenye msumeno. Wewe siku hiyo unaona mbao mbichi, zote zimenyooka, zote nyeupe.

Msumeno nao una sehemu yake kabla ya mgao. Ule wa duara, wa mashine ziitwazo dingidongi, unakula kama milimita 6 kila unapopita, wa mkanda kama 2. Kwa mbao za inchi moja, yaani milimita 25, wa kwanza unageuza kuwa vumbi karibu sehemu moja ya tano, wa pili chini ya sehemu moja ya kumi. Anayelipwa kwa fungu hana haraka ya kuokoa mbao ya mwisho kwenye ganda. Gogo si lake, muda ni wake. Ndiyo maana mabanzi yanatoka manene.

Basi fanyeni hivi. Patanani kwanza bei ya kazi kwa shilingi, kwa kila mbao ya kipimo fulani, kana kwamba mtalipana taslimu. Kisha geuzeni deni hilo kuwa mbao kwa bei ya hapohapo shambani, si bei ya Dar es Salaam. Dizeli na ujira wa vibarua vilipwe kwa fedha. Mkilazimika kugawana mafungu, mmoja apange mafungu mawili na mwingine achague. Semeni mapema mabanzi ni ya nani, nani analipa jino likikatwa na msumari au seng'enge iliyomezwa na mti wa uani, na nani anafuatilia hati ya kusafirishia. Andikeni, mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie.

Na wewe mama wa Njombe, mwombe akutajie bei yake ya fedha kabla hajawasha mashine. Akikataa kuitaja, tafuta mwingine, hata ukisubiri mwezi mzima. Ila usiangushe mti hata mmoja kabla ya kuelewana, kwa sababu paina iliyosimama inakungoja, na iliyolala chini huanza kuingia ukungu wa buluu ndani ya wiki chache, na mnunuzi atashusha bei kwa kuutazama tu.